Je, wajua kwa nini koo lililokwisha kupona huweza kuvimbisha uso wa mtoto?

Chukua nyumba moja ya Langoni, mjini Lamu, alfajiri. Mtoto wa miaka sita anaamka kope zimejaa, macho hayafunguki vyema. Nyanyake anasema ni mbu. Mamake anadhani alilia usiku. Kufikia jioni uso umeshuka kidogo, lakini sasa ni miguu iliyojaa. Ukiibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Kisha mtoto anakojoa, na mkojo una rangi ya chai ya rangi iliyokolea.

Hakuna anayekumbuka kwamba siku kumi hivi zilizopita alikuwa na mafindofindo. Alipata homa, akashindwa kumeza, akapona, akarudi madrasa. Yamekwisha hayo. Kumbe bado.

Ugonjwa huu ni wa figo, lakini kijidudu hakikuingia kwenye figo kuzila. Kijidudu chenyewe, aina ya bakteria iitwayo streptokoka, kilikaa kooni tu. Kilichofika kwenye figo ni mabaki ya vita. Mwili ulipopigana na bakteria hao ulitengeneza kingamwili, yaani silaha zake za kinga, nazo zikashikamana na vipande vya adui. Vishada hivyo hunasa mahali damu inapochujwa, na mwili ukiviona pale huvishambulia. Anayeumia ni chujio.

Kila figo ina vichujio kama milioni moja, vidogo mno. Kwa siku figo zote mbili za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji, yaani madumu tisa ya lita 20 (anayesomba maji kwa punda ataielewa hesabu hiyo), na karibu yote hurudishwa mwilini. Sasa fikiria kifumbu cha kukamulia tui. Kikiziba, tui halitoki; nyuzi zikikatika, machicha yanapita. Figo zilizoumia hupatwa na yote mawili kwa pamoja: maji na chumvi hubaki mwilini, ndiyo uvimbe na presha kupanda, damu na protini huvuja, ndiyo rangi ile ya mkojo.

Lakini kwa nini siku kumi? Hapo ndipo fumbo lilipofumbuliwa, na mimi naliona ni kati ya mambo mazuri mno katika historia ya tiba. Tangu 1812 daktari William Charles Wells alikuwa ameandika kuhusu wagonjwa wanaovimba baada ya homa ya koo yenye vipele vyekundu. Sababu haikujulikana. Mwaka 1905, mjini Vienna, Clemens von Pirquet na Béla Schick walichapisha uchunguzi wao juu ya watoto waliodungwa maji ya damu ya farasi kama dawa ya dondakoo. Wengi wao, baada ya siku 8 hadi 12, walipata vipele, homa na uvimbe. Maji ya farasi hayana kijidudu. Basi wakasema: siku hizo ni muda wa mwili kutengeneza silaha zake, na maradhi huanza silaha zinapokutana na kile kitu kigeni. Baadaye, katika miaka ya 1950 na 1960, Frank Dixon wa Marekani alionyesha kwa sungura jinsi vishada hivyo vinavyonasa kwenye figo.

Si koo tu. Vidonda vya ngozi vyaweza kuleta mambo yayo hayo, na hapo muda ni mrefu zaidi, wiki tatu hadi sita. Mtoto mwenye upele, ule wa kuwasha unaoambukizana, hujikuna, ngozi huchubuka, streptokoka huingia. Kwa hiyo upele nyumbani usiachwe eti ni wa kawaida. Watibiwe wote wanaolala pamoja.

Mtoto aliyevimba apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na presha ipimwe, maana ikipanda sana huweza kuleta degedege. Hupewa dawa za kupunguza maji na presha, na penisilini ikiwa bakteria bado wapo. Chumvi hupunguzwa, ng'onda (samaki mkavu wa chumvi) iwekwe kando kwa muda. Watoto wengi sana hupona kabisa, ingawa chembe za damu zisizoonekana kwa macho huweza kubaki kwenye mkojo kwa miezi. Katika damu kuna protini ya kinga iitwayo C3, ambayo hushuka vita vinapopamba moto na kurudi kawaida baada ya wiki sita hadi nane. Isiporudi, daktari atatafuta ugonjwa mwingine wa figo.