Hesabu ya viza ya Ulaya: fedha isiyorudi, fedha ya kusubiri na fedha isiyokopwa

Mama mmoja mwenye meza ya vitenge sokoni Moshi, mwanachama wetu wa siku nyingi, alikuja ofisini kuomba mkopo wa shilingi milioni sita. Binti yake anaishi Hamburg na alikuwa amejifungua. Kwenye fomu, pale panapoulizwa sababu ya mkopo, aliandika neno moja: viza.

"Mama, viza haifiki milioni sita," nilimwambia.

"Najua, mwanangu. Lakini nimeambiwa akaunti lazima ionekane ina pesa."

Mimi ni afisa mikopo katika chama cha akiba na mikopo, na kuelimisha wanachama kuhusu fedha ni sehemu ya kazi yangu. Maombi kama hilo nayapokea kila msimu wa kiangazi cha Ulaya unapokaribia, na karibu yote yana kosa lilelile: fedha za aina tatu zimetiwa kwenye kapu moja. Kuna fedha inayotoka mfukoni na hairudi hata viza ikikataliwa. Kuna fedha ya safari yenyewe, ambayo inaweza kusubiri majibu ya ubalozi. Na kuna fedha ya kuonyesha tu, ambayo haipaswi kutumika wala kukopwa. Mama huyu ameniruhusu nieleze hesabu yake bila jina lake, kwa hiyo nitaitumia.

Viza aliyoihitaji ni ya Schengen, ya muda mfupi, inayomruhusu mtu kukaa hadi siku 90 ndani ya kipindi cha siku 180. Inatumika katika nchi 29, Ujerumani, Ufaransa, Italia na Uholanzi zikiwemo. Uingereza na Ireland hazimo, na kila moja ina viza yake na ada yake. Ada ya Schengen ilikuwa euro 60, ikapanda hadi 80 mwezi Februari 2020, kisha ikawa 90 tangu tarehe 11 Juni 2024. Mtoto wa miaka 6 hadi 11 analipiwa euro 45, na aliye chini ya miaka 6 halipiwi. Ada ni ileile uombe kuingia mara moja au mara nyingi, uombe wiki moja au miezi mitatu. Kwa hiyo mtu akikuambia viza ya kuingia mara nyingi ina bei yake ya juu, anakudanganya.

Kwa ajili ya hesabu tulichukulia euro moja ni shilingi 3,000. Siku ya kulipa, ubalozi hutumia kiwango chake wenyewe, na mara nyingi si kile ulichokiona kwenye bango la duka la fedha. Weka nafasi kidogo juu. Euro 90 zikawa shilingi 270,000.

Inafuata ada ya wakala anayepokea maombi, pale ambapo ubalozi haupokei wenyewe. Sheria ya viza ya Umoja wa Ulaya inasema ada hii kwa kawaida isizidi nusu ya ada ya viza. Tuliweka kiwango cha juu kabisa, euro 45, yaani shilingi 135,000. Hapa napenda watu wawe macho. Kwenye kaunta ya wakala utaelezwa pia juu ya chumba maalumu cha kusubiria, ujumbe wa simu, kurudishiwa pasipoti nyumbani, kupigwa picha hapo hapo, kutoa nakala. Zote ni hiari. Ya kurudishiwa pasipoti inaweza kuwa na maana kwa mtu anayetoka mbali, kwa sababu inamwokoa safari ya pili. Nyingine uliza bei, kisha amua. Maombi yako hayatazamwi kwa jicho jema zaidi kwa sababu ulikaa kwenye kochi.

Bima ya afya ya safari ni lazima. Inatakiwa igharimie matibabu na kurudishwa nyumbani kwa kiasi kisichopungua euro 30,000, na ikubalike katika nchi zote za Schengen kwa siku zote za safari. Bei hutegemea umri na idadi ya siku. Mama ana zaidi ya miaka sitini na alitaka kukaa miezi miwili, hivyo tukatenga 200,000. Kabla ya kulipia, muulize mwenye bima swali moja: viza ikikataliwa, fedha yangu inarudi? Kampuni nyingine hurudisha ukileta barua ya kukataliwa, nyingine hukata sehemu. Ni swali la nusu dakika ambalo watu hawaulizi.

Picha na nakala za nyaraka tuliziwekea 25,000. Kisha kulikuwa na jambo ambalo halimo kwenye tovuti ya ubalozi wowote: Moshi hadi Dar es Salaam. Mwombaji wa mara ya kwanza lazima afike mwenyewe kutoa alama za vidole. Nauli kwenda na kurudi, chakula, usafiri wa mjini, na siku mbili tatu ambazo meza ya vitenge haifunguliwi. Mama atalala kwa shemeji yake Tabata, lakini hata hivyo tulitenga 300,000 kwa sababu huenda akaitwa tena. Mtu wa Kigoma au Mtwara ahesabu kwa uzito zaidi. Nimeona waombaji ambao safari ya kufika kaunta iliwagharimu kuliko ada yenyewe. Jambo jema ni kwamba alama hizo hukaa kwenye mfumo miezi 59, kwa hiyo ombi lijalo ndani ya muda huo kwa kawaida halihitaji vidole tena.

Pasipoti yake ilikuwa nzima. Isingekuwa hivyo, tungeongeza 150,000 za pasipoti mpya ya kielektroniki. Angalia mapema kwamba ya kwako imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, ina kurasa mbili tupu, na itaishi angalau miezi mitatu baada ya siku utakayotoka Ulaya.

Jumla: 930,000. Hii ndiyo fedha ya kwanza niliyoitaja, isiyorudi, pengine ukiacha ile ya bima. Ada ya viza inalipia kazi ya kuchunguza ombi. Ukikataliwa, kazi imefanyika, na ada imekwisha. Nilimwambia mama maneno ambayo si mazuri kuyasikia lakini lazima yasemwe: usianze kama kuipoteza hii kutakufanya ushindwe kununua mzigo au kumlipia mtoto ada ya shule. Akanyamaza kidogo, akasema mzigo wa Sikukuu ameshauagiza na umelipiwa. Tukaendelea.

Sasa ile fedha ya akaunti. Alikuwa ameshauriwa na jirani akope milioni tatu, aziweke benki wiki moja kabla ya kuomba, achukue taarifa ya benki, kisha azirudishe. Ushauri huu umeenea sana na ninaupinga kwa nguvu zote. Afisa wa viza anasoma mwendo wa akaunti kwa miezi kadhaa. Akaunti iliyokuwa na elfu themanini mwezi Machi na Aprili, kisha ikaingiziwa milioni tatu kwa siku moja bila maelezo, inamwambia jambo ambalo wewe hukutaka kumwambia. Unaweza kukataliwa kwa fedha uliyoikopa, ukabaki unailipia riba.

Kwa Ujerumani kuna njia ya haki na ya wazi. Mwenyeji anayekaa huko kihalali na mwenye kipato cha kutosha anaweza kwenda ofisi ya wageni ya mji wake akatia saini tamko la udhamini linaloitwa Verpflichtungserklärung, akikubali kubeba gharama za mgeni, matibabu yakiwemo. Ada yake ni euro 29. Analipa binti, huko huko. Tamko halisi linatumwa kwa mama, nakala ya simu haitoshi, kwa hiyo wahesabu pia gharama ya kulituma kwa kampuni ya vifurushi. Lakini huo ni mzigo mkubwa kwa mdhamini, maana serikali ya huko inaweza kumdai baadaye, na familia inapaswa kulizungumza kabla ya kumwambia mtoto aende kusaini.

Nchi nyingine zina vipimo vya wazi. Ufaransa huangalia euro 120 kwa siku kwa mgeni asiye na hoteli iliyolipiwa, 65 kwa aliye nayo, na 32.50 kwa anayepokewa nyumbani kwa mtu mwenye hati rasmi ya mwenyeji kutoka manispaa. Tazama tofauti hiyo: kwa siku 30, hati ya mwenyeji inashusha kiasi cha kuonyesha kutoka euro 3,600 hadi 975. Karatasi moja kutoka ofisi ya meya inafanya kazi kuliko mkopo wowote nitakaokupa.

Kwa upande wake mama, tulichomwomba ni kupitisha mauzo ya meza yake kwenye akaunti, kidogo kidogo, kila wiki, kama yanavyoingia kweli. Alikuwa anaziweka ndani ya kopo la maziwa. Leseni ya biashara, namba ya mlipa kodi na mkataba wa meza sokoni vyote anavyo. Hivyo havimgharimu chochote, na vinaonyesha kwamba ana kitu cha kurudia nyumbani.

Tiketi tuliiondoa kwenye mkopo. Kwenye maombi, buking ya safari inatosha. Kulipia tiketi kabla ya viza ni kuhatarisha fedha kubwa kuliko zote kwa kitu ambacho hakijaamuliwa. Mkitafuta tiketi, angalieni inapita wapi. Tiketi ya bei nafuu inayopita London inaweza kumdai Mtanzania viza ya kupita ya Uingereza. Ndugu zetu wenye pasipoti ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wanahitaji viza ya kupita uwanjani hata wakibadilisha ndege tu ndani ya viwanja vya Schengen, na ada yake ni hizo hizo euro 90.

Kuhusu vishoka nitasema kwa ufupi, ingawa wananiuma. Hakuna mtu nje ya ubalozi anayetoa uamuzi wa viza. Hata wakala rasmi hana sauti katika uamuzi. Anapokea na kupeleka. Anayekuomba laki tano "za kufungua njia" anakuibia. Kadhalika mfumo mpya wa kuandikisha wageni mpakani Ulaya, ulioanza tarehe 12 Oktoba 2025, hauna malipo. Unachukuliwa picha na vidole ukifika, basi. Nimesikia watu wakitozwa "ada ya usajili" wa mfumo huo wakiwa bado hapa nyumbani.

Na ikitokea amekataliwa? Atapewa fomu yenye sababu zilizowekewa alama. Zamani kwa Ujerumani mtu aliweza kuandika barua ya kupinga kwa ubalozi uleule, bila malipo. Utaratibu huo ulifutwa duniani kote tangu tarehe 1 Julai 2025. Zimebaki njia mbili: kwenda mahakamani Ujerumani, ambako kuna gharama zake, au kuomba upya na kulipa upya. Kuomba upya kwa karatasi zilezile siku kumi baadaye ni kutupa 405,000 nyingine, ya viza na ya wakala. Soma sababu kwanza. Ikiwa ni akaunti, ipe miezi. Ikiwa ni bima yenye tarehe pungufu, hiyo inarekebishika kesho.

Kulibaki suala la muda, ambalo nalo ni fedha. Mama alitaka kusafiri baada ya wiki tatu. Maombi yanaweza kupelekwa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasichelewe zaidi ya siku 15 kabla. Majibu kwa kawaida huchukua siku 15 na yanaweza kufika 45. Lakini hizo zinahesabiwa baada ya ombi kupokelewa. Kupata miadi kwenyewe kunaweza kuchukua wiki nyingi, hasa kati ya Mei na Agosti. Anayekimbizana na tarehe ndiye anayenunua kila huduma ya ziada na ndiye anayemwamini kishoka.

Akiba yake ilikuwa 330,000. Tulimkopesha 600,000, kwa marejesho ya miezi sita kutoka kwenye mauzo anayoyapitisha benki sasa. Tamko la udhamini, kulituma na tiketi vikabaki kwa binti na mumewe, ambao walikubali kwa simu akiwa bado amekaa mbele yangu. Tarehe ya safari aliisogeza mbele miezi mitatu.

"Haidhuru," alisema akikunja fomu. "Mjukuu atakuwa ameanza kucheka."