Kujaa, Kuvimba na Kuvimbiwa: Maana ya Tumbo Kujaa Gesi Baada ya Kula

Mtu anayenyanyuka kwenye benchi la mama lishe pale sokoni Mwanga, mjini Kigoma, akalegeza mkanda tundu moja na kusema "tumbo limejaa gesi", huwa ametaja kwa maneno matatu hali ambazo kwa kweli ni zaidi ya moja. Gesi huenda ipo, na huenda haipo kwa kiasi cha kulaumiwa. Tumbo huenda limetanuka kweli hata mkanda ukashuhudia, na huenda ni hisia ya kubanwa tu, ilhali ukilipima kwa tepu ya fundi cherehani utakuta halijaongezeka. Kiswahili kina maneno ya kuzitenganisha hali hizi, ila kwenye mazungumzo ya kila siku tumezoea kuzitia zote katika kapu moja la "gesi", na mkanganyiko wa tiba huanzia hapohapo.

Kuvimba ni jambo la kuonekana: mguu huvimba, shavu huvimba, na tumbo likivimba hata aliyeketi pembeni hulibaini. Kuvimbiwa kumetokana na mzizi huohuo, lakini mnyambuliko wake humfanya mlaji kuwa mtu aliyefikwa na jambo. Ni hali anayoisikia mwenyewe kwa ndani, ya kushiba kupita kiasi, chakula kukaa kifuani kana kwamba hakitaki kushuka, na pumzi kuwa fupi. Riahi ni ule upepo unaozunguka tumboni, na mbweu ni ule unaotokea mdomoni. Kiungulia tukiweke kando, kwa kuwa hicho ni asidi inayopanda na kuchoma kuelekea kooni, ingawa mara nyingi hufuatana na wenzake. Madaktari nao hutofautisha hisia ya kujaa na kutanuka kwa tumbo kunakopimika, kwa sababu mtu anaweza kuwa na la kwanza bila kuwa na la pili.

Swali lenye faida kuliko yote kwa mwenye tatizo hili ni la muda: tumbo limejaa baada ya dakika ngapi au saa ngapi tangu kunawa mikono? Watu wengi hukimbilia kutaja chakula cha mwisho walichokula, wakati anayesababisha taabu ya saa kumi jioni anaweza kuwa mlo wa saa saba mchana, na soda iliyonywewa katikati ikasingiziwa bure.

Ikiwa tumbo linajaa wakati mtu bado yuko mezani, au ndani ya nusu saa hivi, chanzo kwa kawaida kiko juu, kwenye mfuko wa chakula wenyewe. Mfuko huo kwa mtu mzima hupokea takriban lita moja hadi lita moja na nusu bila malalamiko makubwa, na ugali wa muhogo, ambao ni mzito na humezwa kwa matonge yasiyotafunwa sana, huujaza upesi. Kila tonge na kila funda la maji huteremka na hewa kidogo, na anayekula kwa haraka humeza hewa nyingi zaidi. Hapa nakiri kwamba ushauri wa kula polepole ni rahisi kuuandika kuliko kuufuata, kwa maana wanaokula sinia moja wanajua kuwa mwenye kutafuna kwa utulivu ndiye anayebaki na mchuzi bila samaki wake, mgebuka. Mafuta nayo yana sehemu yake: mafuta yanapofika kwenye utumbo mwembamba, mwili hutoa homoni inayoufanya mfuko wa chakula upunguze kasi ya kujimwaga, ili mafuta hayo yapate muda wa kusagwa. Kwa hiyo maharage yaliyoungwa kwa mawese mengi hukaa juu kwa muda mrefu kuliko yaleyale yaliyochemshwa kwa chumvi, na mlaji huhisi kwamba chakula "kimegoma". Mawese hayakuharibika wala hayana gesi. Yamechelewesha safari tu.

Ikiwa tumbo linajaa baada ya saa mbili, tatu au zaidi, likaunguruma, likatanuka chini ya kitovu na kupata nafuu mtu anapotoa upepo, jambo limehamia kwenye utumbo mpana. Huko wanaishi bakteria wengi mno ambao hula kile ambacho utumbo mwembamba umeshindwa kukisaga, na katika kula huko hutoa haidrojeni, kaboni dayoksaidi na, kwa baadhi ya watu, methani. Gesi hizo tatu hazina harufu. Harufu hutokana na kiasi kidogo sana cha gesi zenye salfa. Kutoa upepo mara kumi hadi ishirini kwa siku ni kawaida ya mwili wenye afya, hata kama hakuna anayependa kuhesabu.

Maharage ndiyo mfano bora, na katika mkoa ambao Kasulu, Kibondo na Buhigwe huyalima kwa wingi, hakuna namna ya kuyakwepa. Ndani yake mna sukari za aina ya rafinosi na stakiosi, ambazo binadamu hana kimeng'enya cha kuzivunja. Zinapita utumbo mwembamba zikiwa nzima, zinafika kwa bakteria, na karamu inaanza. Sukari hizo huyeyuka katika maji, na hapo ndipo jikoni pana nguvu kuliko duka la dawa. Shangazi yangu wa Ujiji alikuwa akiyaloweka maharage tangu jioni katika sufuria yenye maji mengi; asubuhi maji yamebadilika rangi kuwa ya hudhurungi, na pembeni mwa sufuria yamejipanga mapovu madogo, dalili kwamba uchachu umekwisha kuanza. Aliyamwaga maji hayo yote, akasuuza, akatia mapya, na akipikia mgeni mwenye tumbo dhaifu aliyamwaga hata ya mchemsho wa kwanza. Siku moja nilimlalamikia: "Shangazi, mbona unamwaga utamu?" Akajibu bila kugeuka: "Namwaga upepo, mwanangu. Utamu nitautia kwa kitunguu." Mchuzi ulikuwa mwepesi kidogo, hilo siwezi kulikana, lakini mkaa ulipungua kwa sababu maharage yaliyolowekwa huiva mapema, na mchana hapakuwa na mtu wa kujikunja kwenye mkeka.

Kitunguu chenyewe, hata hivyo, si malaika. Kitunguu maji na kitunguu saumu vina sukari za mnyororo ambazo nazo hazisagwi, na ngano inazo pia, ndiyo maana chapati mbili za asubuhi zinaweza kumletea mtu taabu ile ile aliyoihofia kwenye maharage. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Monash nchini Australia walivikusanya vyakula vya tabia hii chini ya jina la FODMAP, na baadhi ya wagonjwa husaidiwa kwa kuvipunguza kwa muda kisha kuvirudisha kimoja kimoja. Mimi nashauri tahadhari katika kuufuata mpango huo peke yako bila mtaalamu wa lishe, hasa pale ambapo maharage ndiyo nyama ya kila siku: kuyaondoa kwenye sahani ya familia kwa ajili ya upepo ni kuondoa protini ya watoto. Afadhali kula kiasi kidogo mara kwa mara, kwa maana watu wengi wakizoea maharage kwa wiki kadhaa, gesi hupungua yenyewe.

Maziwa yanastahili kutajwa kwa namna yake. Takriban theluthi mbili ya watu wazima duniani hupungukiwa, baada ya utoto, uwezo wa kusaga laktosi, yaani sukari ya maziwa, na kikombe kikubwa cha maziwa ya moto huweza kuwaletea gesi na kuharisha ndani ya saa moja au mbili. Wengi wao hawapati shida na maziwa mgando, kwa sababu bakteria wa mgando wamekwisha kula sehemu ya laktosi hiyo na huendelea kusaidia kuisaga hata tumboni. Kiporo cha ugali nacho kina siri yake: wanga ukipikwa kisha ukapoa, sehemu yake hujifunga upya kwa namna inayokuwa ngumu kusagwa, na hufika utumbo mpana kama chakula cha bakteria. Kwa tumbo lililo salama hilo ni jambo jema. Kwa tumbo linalolalamika, ugali wa moto una nafuu zaidi.

Lipo pia kundi ambalo hushangaza hata wauguzi, nalo ni la watu ambao tumbo linatokeza waziwazi kila baada ya kula, lakini wakipigwa picha ndani hakuna gesi nyingi kuliko ya jirani yao asiyelalamika. Watafiti wa Barcelona, nchini Hispania, walionyesha kwamba kwa baadhi ya watu hao kiwambo, yaani msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, hushuka pale ambapo kingepaswa kupanda, na misuli ya mbele ya tumbo hulegea badala ya kukaza. Tumbo linasukumwa mbele kama gunia lililowekwa chini. Mtu wa namna hii anaweza kumeza kila dawa ya gesi iliyoko mjini bila nafuu, na kinachomsaidia ni mazoezi ya kupumua na kufundishwa upya kutumia misuli hiyo. Wengine utumbo wao una hisia kali mno, hivyo gesi ya kawaida wanaisikia kama mzigo.

Kuhusu nafuu za haraka, kutembea kwa utulivu dakika kumi au kumi na tano baada ya kula husaidia gesi kusogea, na ni bora kuliko kulala chali. Tangawizi huweza kuharakisha kidogo kushuka kwa chakula, na chai yake haina madhara kwa walio wengi. Soda inayonywewa "ili nicheue" humpa mtu mbweu za kweli, lakini sehemu kubwa ya upepo anaoutoa ni ule aliouingiza kwa soda hiyohiyo. Aliyefunga choo kwa siku tatu asitafute dawa ya gesi kabla ya kushughulikia choo, kwa kuwa kinyesi kilichokaa huzuia upepo kupita. Wanawake wengi hujaa tumbo siku chache kabla ya hedhi, na hali hiyo huondoka na hedhi yenyewe.

Jambo linalonikera ni desturi ya kuliita kila tumbo lililojaa "vidonda vya tumbo" na kununua dawa za kuua bakteria dirishani. Bakteria wa H. pylori, ambao huweza kuleta vidonda hivyo, wapo kwa watu wengi, na kipimo cha damu hakiwezi kutofautisha maambukizi ya sasa na yaliyokwisha pita. Kipimo cha choo au cha pumzi ndicho kinachoonyesha kama bado wapo. Gesi yenye harufu kali pamoja na kuharisha kusikokwisha huweza kuwa giadia, yaani kimelea cha utumbo, iliyotoka kwenye maji yasiyochemshwa, na hiyo ina dawa yake tofauti kabisa.

Tumbo la gesi hupanda na kushuka kwa siku. Asubuhi huwa dogo, jioni kubwa. Lile lisiloshuka, linaloendelea kukua wiki hadi wiki, si la kutibiwa kwa tangawizi. Kwa aliyekulia mwambao wa Ziwa Tanganyika, akioga na kuteka maji ziwani, kichocho cha matumbo ni cha kufikiriwa mapema, kwa kuwa kikikaa miaka mingi huharibu ini, huvimbisha bandama na hatimaye hujaza maji tumboni. Mwanamke aliyevuka miaka 50 ambaye tumbo limeanza kujaa karibu kila siku na anashiba kwa matonge machache achunguzwe mifuko ya mayai. Choo cheusi kama lami au chenye damu humpeleka mtu hospitali siku hiyohiyo, na macho ya manjano au kukonda bila sababu wiki hiyohiyo. Na tumbo lililovimba likawa gumu, lenye maumivu na kutapika, wakati mtu hapati choo wala hatoi upepo, huenda ni utumbo ulioziba. Huyo apelekwe usiku uleule, bila kusubiri kuche.