Rasimu ya mpango kabambe ikibandikwa, njoo uisome

Kila rasimu ya mpango kabambe, yaani mpango mkuu wa matumizi ya ardhi ya mji mzima, inapobandikwa kwenye ubao wa matangazo wa halmashauri, hazipiti siku nyingi kabla picha yake haijaanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya mitaa. Aliyeipiga ameikuza sehemu moja, akaizungushia duara jekundu, na chini yake ameandika: "Tunavunjiwa." Baada ya hapo ofisi zetu za mipangomiji hujaa. Wananchi wanauliza fidia ya nyumba ambazo hakuna aliyekusudia kuzigusa. Wengine, kwa bahati mbaya, wanakuja wakiwa wameshauza kwa bei ya kutupa, kwa dalali aliyewahi kuwatisha kabla sisi hatujawaeleza.

Kwa kuwa halmashauri nyingi nchini sasa zinaandaa au kuhuisha mipango yao, na malalamiko ya namna hii yanaongezeka, tumeona ni vema tuyaweke mambo wazi. Makala haya ni elimu kwa umma. Hayachukui nafasi ya sheria wala ya ushauri wa mwanasheria wako.

Tuanze na hiyo picha. Ramani ya mpango kabambe inabeba mji mzima, hivyo huchorwa kwa skeli ndogo. Kwenye skeli ya 1:25,000, milimita moja ya karatasi ni mita 25 ardhini. Unene wa mstari wa barabara peke yake unaweza kumeza nyumba yako, uwanja wako na choo cha jirani. Hata uikuze picha mpaka simu izime, haitakuambia kama barabara inapita sebuleni kwako au nyuma ya ukuta. Haikuchorwa kwa ajili hiyo. Imechorwa kuonyesha kwamba ukanda huu ni wa makazi, ule ni wa viwanda, huku itapita barabara kuu, na bonde lile lisijengwe.

Kiwanja kimoja kimoja huonekana kwenye mpango wa kina, yaani mchoro wa mipangomiji, ambao mtaani wengi wanaujua kwa jina la TP. Huo kwa kawaida huchorwa kwa skeli ya 1:2,500. Mchoro ukishaidhinishwa ndipo mpima anakwenda uwandani kuweka bikoni, yaani alama za mipaka, ramani ya upimaji inaidhinishwa, na umilikishaji unafuata. Ngazi ni hizo na haziruki. Anayekuambia atakupatia hati kwanza kisha mchoro utafuata, mwombe akuandikie maneno hayo kwa saini yake. Hataandika.

Mpango kabambe kwa kawaida ni wa miaka 20, na kipindi hicho ndicho kinachowachosha wananchi kusikiliza. Mtu ana shida ya maji leo, wewe unamweleza habari za 2045. Lakini historia ya Dar es Salaam inaonyesha kinachotokea kipindi kikiisha bila mrithi. Jiji lilipata mipango kabambe ya 1949, 1968 na 1979. Ule wa 1979 uliandaliwa wakati sensa ya mwaka uliotangulia ilikuwa imehesabu watu 843,090 katika mkoa mzima. Ukafika ukomo wake mwishoni mwa miaka ya 1990. Katika muongo huohuo ulikuwa umeandaliwa mpango mkakati chini ya Mradi wa Dar es Salaam Endelevu, lakini haukupata nguvu ya kisheria ya mpango kabambe. Mpango uliokuja kushika nafasi hiyo ni wa kipindi cha 2016–2036. Katikati hapo sensa ya 2002 ilikuta watu karibu milioni 2.5, ya 2012 ikakuta 4,364,541, na ya 2022, mpango mpya ukiwa umeshaanza kipindi chake, ikakuta 5,383,728.

Watu hao hawakukaa kusubiri karatasi. Walinunua mashamba ya pembezoni yaliyokatwa kwa hatua 20 kwa 20, kila muuzaji akiacha kichochoro kwa kadiri ya moyo wake. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ulipunguza kiu bila kuimaliza. Matokeo yake tunayo: mitaa ambayo gari la zimamoto haliingii, gari la kunyonya majitaka halifiki, na maiti hutolewa kwa mabega hadi barabarani.

Hapo ndipo ilipozaliwa kazi ya urasimishaji, yaani kupanga, kupima na kumilikisha makazi yaliyokwisha kujengwa bila mpango, na ni kazi njema. Lakini tusidanganyane kuhusu uwezo wake. Wakati wa kurasimisha, upana wa barabara hujadiliwa nyumba kwa nyumba. Huyu anakubali kurudisha ukuta mita moja, mwenzake wa mbele anakataa, barabara inabinywa hapo. Baada ya miezi ya vikao unaweza kupata njia ya kupita gari dogo. Eneo la shule hulipati, kwa sababu hakuna anayejitolea nyumba tatu ziwe uwanja wa michezo. Ndiyo maana tunapiga kelele juu ya kutenga maeneo kabla hayajajengwa. Baadaye yatapatikana kwa fedha ya fidia ambayo halmashauri nyingi hazina, au hayatapatikana kabisa.

Na tukisema kutenga, hatuzungumzii minara ya vioo inayochorwa kwenye majalada ya ripoti. Sehemu kubwa ya mpango ni mambo yasiyopendeza pichani: makaburi, dampo, mabwawa ya majitaka, njia za umeme wa msongo mkubwa, stendi ya malori. Kwenye mikutano ya hadhara kila mtu anaunga mkono dampo, mradi liwe kwenye mtaa wa mwenzake. Kisha kuna mabonde. Bonde la Msimbazi lilikuwa likijulikana kwa wataalamu kama ardhi hatarishi miaka mingi kabla ya mafuriko ya Desemba 2011, ambayo yaliua takriban watu 40 jijini Dar es Salaam na kuzifanya familia nyingi zihamishiwe Mabwepande. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka mito, maziwa na bahari. Bado tunapokea maombi ya vibali vya kujenga ndani ya mita hizo 60, yakiwa na kiambatisho cha picha kuonyesha kwamba pamekauka. Picha hizo hupigwa kiangazi.

Sasa kwa anayenunua. Swali ambalo wanunuzi wengi huuliza ni "kimepimwa?" Ni swali zuri lakini halitoshi. Kiwanja kinaweza kuwa na bikoni nne zilizosimama sawasawa na kikawa kimetengwa kwa ajili ya zahanati. Uliza matumizi yake, na uyaulize ofisi ya mipangomiji ya halmashauri, ukiwa na namba ya kiwanja, kitalu na jina la eneo. Kama hakijapimwa, njoo na majiranukta yake, yaani namba za GPS zinazoonyesha kilipo. Hata simu ya kawaida ya kisasa inaweza kukupa makadirio yanayotosha kuanzia. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa ni kiongozi wetu wa karibu na tunamheshimu. Anaweza kushuhudia mauziano. Hana mamlaka ya kugawa ardhi ya mjini, hana mamlaka ya kubadili matumizi, na muhuri wake hauhalalishi nyumba iliyojengwa kwenye eneo la wazi. Hili tumelisema mara nyingi mno, na bado mikataba yenye mihuri hiyo huletwa mezani kwetu kana kwamba ni hati.

Kubadili matumizi kunawezekana, kwa utaratibu. Mmiliki ndiye anayeomba, si mpangaji wala mnunuzi ambaye uhamisho wake haujakamilika. Maombi huambatanishwa na nakala ya hati, stakabadhi za kodi ya ardhi, na maelezo ya sababu. Tangazo hutolewa ili majirani wajue na waweze kupinga. Ofisi hufanya ukaguzi, inaandika taarifa, taarifa inakwenda kwenye Kamati ya Mipangomiji na Mazingira, na mapendekezo yanapelekwa wizara yenye dhamana ya ardhi kwa idhini. Ikiidhinishwa, masharti ya hati hurekebishwa. Baada ya hapo ndipo unaomba kibali cha ujenzi kwa matumizi mapya. Wapo wanaogeuza mlolongo huu: wanafungua baa kwenye kiwanja cha makazi, majirani wakilalamika ndipo wanaleta maombi, na barua inaanza kwa "kwa kuwa biashara tayari ipo". Hiyo si sababu ya kuidhinisha. Kwa kawaida inakuwa sababu ya kukufuatilia.

Ufuatiliaji nao una hatua zake. Ukijenga bila kibali, au kinyume cha kibali, utapewa kwanza ilani ya kusimamisha ujenzi. Ilani hubandikwa kwenye jengo hata kama mwenyewe hupatikani, kwa hiyo kumwagiza fundi aseme "bosi kasafiri" hakusaidii. Ukiendelea, inafuata ilani ya kubomoa au kurekebisha ndani ya muda uliotajwa. Muda ukipita, halmashauri inaweza kubomoa na kukudai gharama za kazi hiyo, mbali na kukufikisha mahakamani. Kwa mwenye hati anayekiuka masharti ya umiliki, zipo pia hatua chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, ambazo mwisho wake ni kufutwa kwa milki. Mwenye mamlaka ya kufuta ni Rais peke yake. Afisa anayekutishia kwamba "nitafuta hati yako" amevuka mipaka, na una haki ya kumripoti.

Kuhusu fidia, hofu ni kubwa kuliko inavyostahili. Eneo kuingizwa kwenye mpango, au kutangazwa kuwa eneo la upangaji katika Gazeti la Serikali, hakumnyang'anyi mtu ardhi. Mkulima wa pembezoni anabaki na shamba lake. Kinachobadilika ni kwamba hawezi tena kulikatakata na kuuza apendavyo bila mchoro. Serikali ikilihitaji eneo, utwaaji una sheria yake, na uthamini hufanyika kwanza. Fidia hujumuisha thamani ya ardhi na maendelezo yaliyomo, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, faida iliyopotea kwa mwenye biashara, na posho ya makazi inayokokotolewa kwa miezi 36 kwa anayepoteza nyumba. Ikipita miezi 6 baada ya uthamini kuidhinishwa bila malipo, riba huanza kuhesabiwa. Ikipita miaka 2, uthamini ule unakwisha nguvu na kazi inarudiwa.

Tofauti na hilo ni hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa kando ya barabara usioruhusiwa kujengwa. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Aliyekuwa kati ya mita 22.5 na 30 kwa uhalali kabla ya mabadiliko hayo, alama ya X inayochorwa kwenye jengo lake ni ya kijani na anastahili kulipwa. Aliyejenga ndani ya mita 22.5 za awali, X yake ni nyekundu. Hapo hakuna mazungumzo ya fidia, na kuipaka rangi juu hakuifuti kwenye daftari.

Tunarudi kwenye rasimu iliyobandikwa. Hicho ndicho kipindi chako, kwa sababu mistari bado inaweza kusogezwa kwa gharama ya karatasi. Mikutano ya wadau hutangazwa hadi ngazi ya mtaa, na mara nyingi wanaohudhuria ni wajumbe, wazee wachache na madalali. Madalali hawakosi.

Kupinga au kupendekeza si lazima uwe na mwanasheria. Andika barua kwa Mkurugenzi wa halmashauri ndani ya muda uliotajwa kwenye tangazo. Taja jina lako, mtaa, namba ya kiwanja kama ipo au majiranukta, na ukurasa au ramani unayoizungumzia. Eleza unachopinga na unachotaka kiwe badala yake. "Hatuutaki mpango" hatuwezi kukifanyia kazi, lakini "barabara hii ipitishwe upande wa mashariki ambako hakuna nyumba" tunaweza kwenda kukipima. Kama mko wengi wenye hoja moja, andikeni barua moja mwambatanishe orodha ya majina na saini. Ipelekeni masjala, si kwa afisa mnayefahamiana naye, na msiondoke bila nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Nakala hiyo ndiyo mtakayoonyesha siku ya kikao cha kupitia maoni, endapo hoja yenu haitaonekana kwenye orodha itakayosomwa.