STC ni cheti cha badiliko, si cheti cha kifaa

Tangazo la kuuza ndege ndogo iliyokula miaka halikosi siku hizi maneno "injini mpya, propela mpya, otopailoti, vyote vina STC" (otopailoti ni mtambo unaoiongoza ndege badala ya mikono ya rubani), na mnunuzi huachiwa aamini kwamba STC ni muhuri unaobandikwa kwenye kifaa kama alama ya shirika la viwango inavyobandikwa kwenye mfuko wa unga. Sivyo ilivyo. STC ni cheti cha nyongeza cha aina ya ndege, yaani idhini ambayo mamlaka ya usafiri wa anga humpa mtu aliyethibitisha kwamba badiliko kubwa alilolibuni, likifanywa kwenye modeli zilizotajwa na kwa utaratibu alioueleza, litaiacha ndege ikikidhi masharti ya usalama yanayoihusu.

Ni nyongeza kwa sababu kipo cheti cha kwanza, kile cha aina, yaani idhini ya muundo wa ndege yenyewe, ambacho Marekani ilianza kukitoa mwaka 1927 kwa ndege iitwayo Buhl Airster. Cessna 172, kwa mfano, ina cheti namba 3A12, na karatasi zake hutaja modeli baada ya modeli: injini ipi inaruhusiwa, propela zipi, uzito wa juu kabisa ni upi. Mabadiliko madogo, yasiyogusa uzito, uimara wala tabia ya ndege angani kwa kiasi cha kujali, yana njia yake nyepesi na hayatuhusu hapa.

Linalokera ni ile dhana kwamba kifaa kikishakuwa na STC kinaingia popote bolti zinapokubali. Tazama Cessna 172N ya mwishoni mwa miaka ya 1970, iliyotoka kiwandani na injini ya nguvu za farasi 160 na uzito wa juu wa pauni 2,300. Wenye ndege hizi hupenda kuzifungia injini ya Lycoming O-360 ya nguvu za farasi 180, na zipo STC za kufanya hivyo, nazo zinaruhusu uzito kupanda hadi pauni 2,550. Hata hivyo, uzito huo hauletwi na injini peke yake. Flapu za 172N, vile vibapa vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, huteremka hadi nyuzi 40, na kwa uzito mpya ndege inayoghairi kutua huku flapu zikiwa zimeshuka kiasi hicho ingepanda kwa shida, kwa hiyo sharti la uzito ule ni kuzizuia flapu zisipite nyuzi 30. Fundi aliyefunga injini akaacha flapu kama zilivyokuwa hajapata pauni 250 za ziada, hata kama injini inanguruma vizuri namna gani. Mwenye ndege anayepakia mizigo kwa kutazama ukubwa wa injini anapakia nje ya cheti.

Propela nayo haina ruhusa inayojitegemea. Pigo la kila silinda linapofika kwenye propela huitikisa, na kuna mizunguko ambapo mtikisiko wa injini hukutana na mtikisiko wa asili wa panga lenyewe ukakua. Ndiyo maana baadhi ya propela za Hartzell za alumini, zikifungwa kwenye O-360 za namna fulani, hukatazwa kuachwa zizunguke mfululizo kati ya mizunguko 2,000 na 2,250 kwa dakika, na kipimo ndani ya chumba cha rubani huwekewa alama. Propela ileile kwenye injini nyingine yaweza isiwe na katazo hilo, au ikawa nalo mahali pengine. Kilichoidhinishwa, basi, ni ndoa ya injini hii na propela hii kwenye ndege hii, pamoja na nafasi inayobaki kati ya ncha ya panga na ardhi, ambayo katika kanuni za Marekani zilizotumika kwa ndege hizi haipungui inchi 7 kwa ndege yenye gurudumu la mbele.

Kwenye otopailoti kosa hili huonekana zaidi, kwa kuwa kisanduku cha kwenye dashibodi ni kilekile katika ndege nyingi. Lakini kisanduku hakirushi ndege. Nyuma yake kuna mota ndogo zinazovuta kebo za usukani, na kila modeli ina vishikizo vyake vya kuzifunga na nguvu yake ya kuvutia iliyopimwa angani, ili mota ikiharibika na kuvuta upande mmoja rubani aweze kuishinda kwa mikono yake. Nguvu inayofaa kwa ndege moja yaweza kuwa nyingi mno, au haba, kwa nyingine.

Kisha kuna jambo ambalo wauzaji hulipita kimya: STC mbili halali hazizai ndege moja halali kwa kujumlishwa. Aliyeijaribu otopailoti huenda aliijaribu kwenye ndege yenye injini ya kiwandani, isiyo na pua nzito zaidi wala msukumo mkubwa zaidi wakati wa kuondoka. Anayefunga kifaa cha pili anawajibika kuhakikisha hakigongani na cha kwanza, na jibu lake linapaswa kuonekana kwenye kumbukumbu za ndege. Mwenye STC naye, kwa kanuni za Marekani, hutoa ruhusa ya maandishi ya kutumia cheti chake, kwa hiyo nakala iliyochapishwa kutoka intaneti haitoshi. Na ndege yenye usajili wa 5H au 5Y, iwe Cessna 206 au Caravan iliyobadilishiwa injini ya kiwandani ya nguvu za farasi 675 ikawekewa injini ya Honeywell ya nguvu za farasi 900, iko chini ya mamlaka ya Tanzania au ya Kenya, ambayo ndiyo inayopaswa kuridhika, hata kama cheti kimetolewa Marekani.

Kwa hiyo muuzaji akisema "otopailoti hii ina STC", si lazima abishiwe. Inatosha kumwomba amalizie sentensi yake: STC namba ngapi, kwa modeli ipi, na ikiwa na injini gani.