Patel si ukoo mmoja

Likitajwa jina Patel jijini Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, wengi hudhani ni ukoo mmoja mkubwa wenye babu mmoja. Ndiyo maana Patel akimwoa Patel, watu hunong'ona kwamba ndugu wanaoana. Maneno haya yanaumiza watu bure.

Patel kilikuwa cheo. Katika vijiji vya Gujarat, magharibi mwa India, patel alikuwa mkuu wa kijiji: alikusanya kodi ya ardhi, akajua shamba lipi ni la nani, na kuwajibika kwa watawala. Kwa majirani zao wa Maharashtra aliitwa patil. Ni kama jumbe wa pwani yetu, cheo ambacho nacho kimegeuka jina la familia. Kila kijiji kikiwa na mkuu wake, undugu wa damu unatoka wapi?

Kuhusu ndoa, Wapatidar, jamii ya wakulima ambayo wengi wake huitwa Patel, wa Charotar, eneo la mashamba yenye rutuba katika wilaya za Kheda na Anand, huulizana kwanza kijiji. Kwa desturi, wa kijiji kimoja wa upande wa baba ni ndugu na hawaoani. Mke hutafutwa kijiji kingine. Mfano ni Vallabhbhai Patel, naibu waziri mkuu wa kwanza wa India huru. Kwa baba ni mtu wa Karamsad, lakini alizaliwa Nadiad mwaka 1875, kwa wajomba zake.

Wengine husema Patel maana yake mwenye duka. Hapana, asili yao kubwa ni jembe. Mwaka 1918 wakulima wa Kheda, mavuno yakiwa yameharibika, waligoma kulipa kodi ya serikali ya Waingereza, wakiongozwa na Gandhi na huyo huyo Vallabhbhai.

Wala si wote Wahindu. Marehemu Ahmed Patel, mwanasiasa, na mchezaji wa zamani wa kriketi Munaf Patel, wote wa Bharuch huko Gujarat, ni wa familia za Kiislamu. Wako Waparsi pia, wafuasi wa dini ya Zoroasta.

Na ile hadithi kwamba akina Patel wa huku ni wajukuu wa vibarua wa reli ya Uganda, iliyojengwa 1896 hadi 1901? Vibarua wale wengi walitoka Punjab, na wengi walirudi kwao mikataba ilipokwisha. Akina Patel wengi walikuja kwa njia nyingine, kama makarani na wafanyabiashara, mara nyingi wakipokewa na jamaa au mtu wa kijiji chao aliyetangulia.