Ruhusa kwa wadhifa: maana yake pale programu inapojiendesha

Ruhusa kwa wadhifa ni utaratibu wa kuufungia uwezo kwenye kazi, na mtu akaupata kwa kuivaa kazi hiyo. Unaunda wadhifa uitwao Ofisa Ununuzi, unauruhusu kusoma ankara na kuandika LPO (hati ya kumwagiza muuzaji bidhaa), kisha unamvika karani. Akihamishiwa stoo unamvua huo na kumvika wa stoo, bila kupekua ruhusa moja moja. David Ferraiolo na Richard Kuhn wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, waliliandika wazo hili kwa utaratibu mwaka 1992. Mwaka 2004 likawa kiwango cha kitaifa huko.

Hati inapopita mikononi mwa watu kadhaa, swali la nani anaiona halitoshi. Kuna pia nani anayeweza kuisogeza. Chukua LPO ndani ya ERPNext, programu ya kuendeshea shughuli za kampuni. LPO hiyo ina hali tatu: Rasimu, Inasubiri Idhini, Imeidhinishwa. Kila hatua ya kuhama hutaja hali inakotoka hati, kitufe cha kubonyeza, hali inakokwenda, na wadhifa unaoruhusiwa kukibonyeza. Unaweza kuongeza sharti, mfano jumla ikizidi shilingi 500,000 aidhinishe meneja mkuu.

Kwenye sharti ndipo wengi hujikwaa. Hatua moja imeandikwa "chini ya 500,000", nyingine "zaidi ya 500,000". Inaingia LPO ya 500,000 kamili: haiangukii popote, kitufe cha kuidhinisha hakionekani kwa yeyote, na simu zinaanza kupigwa kwamba mfumo umeganda. Dawa ni kuongeza "au sawa na" upande mmoja tu. Sharti hilo pia halimzuii mjanja anayegawa manunuzi ya 900,000 kuwa LPO mbili za 450,000. Hilo hukamatwa na ripoti ya jumla kwa kila muuzaji, ruhusa hazilifiki.

Kila hatua ina pia kisanduku cha kumruhusu aliyeandika hati kujiidhinishia, na huja tayari kina tiki. Kwenye chochote kinachogusa fedha, iondoe. Hata hivyo mfumo hukagua aliyeifungua hati, haujali aliyeihariri baadaye. Kwa hiyo katika hali ya Inasubiri Idhini, uhariri ubaki kwa wadhifa mmoja tu usio na uwezo wa kuidhinisha, la sivyo mtu atabadilisha bei kwenye LPO ya mwenzake kisha aipitishe mwenyewe.

Kutajwa kwenye hatua hakumpi mtu kila kitu. Ikiwa hali mpya inaithibitisha hati, yaani inaifunga rasmi isihaririwe tena, wadhifa huo lazima uwe pia na ruhusa ya kuthibitisha LPO kwenye jedwali la ruhusa. Bila hiyo kitufe kinaonekana, ukibonyeza unakataliwa. Na ruhusa hujumlishwa, hazipunguzani: kumwongezea mtu wadhifa mdogo hakumbani, mpaka umvue ule mkubwa.

Halafu kuna mashine yenyewe. Kazi inayojiendesha saa nane usiku, au programu ya malipo inayoingiza miamala, lazima ifanye kazi kwa jina la akaunti fulani. Njia ya mkato ni kuipa funguo za msimamizi mkuu, na ni njia mbaya. Akaunti hiyo haizuiwi na ruhusa za kawaida wala na kile kisanduku cha kujiidhinishia, na kwenye kumbukumbu za hati huwezi kutofautisha kilichofanywa na binadamu na kilichofanywa na programu. Ukiitumia akaunti ya mfanyakazi, siku anaacha kazi na akaunti kufungwa, miamala nayo inakoma. Ifungulie programu akaunti yake na wadhifa wake: isome LPO, iandike rasimu ya malipo, isiweze kuithibitisha wala kuifuta.

Usijaribu kazi yako ukiwa msimamizi mkuu, maana kwake kila kitu hupita. Fungua mtumiaji wa majaribio kwa kila wadhifa, uingie kupitia dirisha la faragha la kivinjari, ujaribu hasa yale yanayopaswa kukataliwa: kujiidhinishia, kuhariri bei baada ya kutuma, kufuta. Mwisho angalia wadhifa wa kuidhinisha una watu wangapi. Ukiwa na mmoja, likizo yake ya siku 28 itaacha LPO zote zikiwa Inasubiri Idhini, na kuna atakayeomba nywila yake kwa simu.