Dereva wa lori Marekani: kipimo ukifeli, leseni nayo inaondoka

Kuna jambo ambalo madereva wengi wa Kiswahili huku Marekani bado hawajalishika vizuri. Tangu tarehe 18 Novemba 2024, dereva mwenye CDL, yaani leseni ya kuendesha magari ya biashara kama lori, akifeli kipimo cha dawa za kulevya au cha pombe, jimbo lake linalazimika kumwondolea ruhusa ya kuendesha lori ndani ya siku 60 baada ya kupata taarifa. Kanzidata ya Clearinghouse, yaani ya shirikisho inayoandika madereva waliofeli au kukataa vipimo, ilikuwepo tangu Januari 2020, lakini waliokuwa wakiichungulia zaidi ni waajiri. Mtu angeweza kuwa amezuiwa humo huku leseni safi ikiwa mfukoni. Mwanya huo umezibwa.

Tuanze na pombe, kwa sababu viwango vinachanganya. Sheria ya ulevi barabarani ni ya jimbo. Katika majimbo karibu yote, ukiwa kwenye gari lako la kawaida, kosa huanzia 0.08, yaani gramu 0.08 za alkoholi katika mililita 100 za damu. Utah ilishusha kiwango hadi 0.05 kuanzia tarehe 30 Desemba 2018. Colorado wana kosa dogo la kuendesha ukiwa umepungukiwa uwezo, nalo huanzia 0.05. Ukishapanda lori, kiwango ni 0.04 nchi nzima. Na kipimo cha kazini kikionyesha kati ya 0.02 na 0.039, hujafeli rasmi, ila unashushwa kwenye lori kwa saa 24 au zaidi. Saa 4 kabla ya kuingia kazini huruhusiwi kunywa chochote chenye kilevi.

Linaloumiza watu zaidi ni hili: ukikutwa na hatia ya ulevi kwenye gari lako binafsi, Jumapili, ukitoka harusini, CDL inafungiwa mwaka 1. Kama ulikuwa kwenye lori lenye mzigo wa hatari, miaka 3. Kosa la pili ni maisha. Kukataa kupimwa na polisi baada ya kukamatwa nako kunahesabiwa vivyo hivyo. Wakili wa trafiki akikuahidi mpango wa kuficha kosa lisionekane, muulize kwanza kama anajua una CDL. Kanuni za shirikisho zinayakataza majimbo kuficha hatia za madereva wa leseni hiyo.

Kwenye kipimo cha pumzi cha kazini, pumzi ya kwanza ikisoma 0.02 au zaidi, hurudiwa baada ya dakika 15, na isizidi 30. Muda huo usile, usinywe, usitie kitu mdomoni, na jizuie kucheua. Sababu ni alkoholi ya mdomoni: dawa ya kusukutua au mcheuo wa tumboni unaweza kupandisha namba, na dakika 15 zinatosha mdomo kusafika. Jibu linalohesabika ni la pili.

Kipimo cha mkojo ndicho ninachokiona kikiharibu kazi za watu wasiotumia chochote. Zinahitajika mililita 45, zinazogawanywa kwenye chupa mbili mbele yako: 30 na 15. Ubavuni mwa kikombe kuna kibandiko cha kupima joto. Ndani ya dakika 4 mkojo lazima usome kati ya nyuzi 32 na 38 za Selsiasi. Ukitoka nje ya hapo, utatoa mwingine papo hapo huku mtu wa jinsia yako akikuangalia. Mkojo ukikataa kutoka, una saa 3, na unaruhusiwa kunywa maji hadi karibu lita 1.2. Keti, kunywa taratibu, subiri. Ukiondoka kwa sababu umechoka kungoja au mzigo unachelewa, umeandikwa umekataa, na kukataa ni sawa na kufeli. Kutokubali kutoa vitu vya mfukoni ni kukataa pia. Wala usijaze tumbo maji tangu asubuhi: mkojo mwepesi kupita kiasi unaweza kukurudisha kupimwa upya.

Jibu likija baya, daktari mkaguzi atakupigia simu kabla ya kulipeleka kwa mwajiri. Pokea simu hata kama namba ni ngeni. Una saa 72 tangu akuarifu kuomba ile chupa ya pili ipimwe kwenye maabara nyingine.

Bangi, hata jimbo lako likiiruhusu dukani, kwa CDL ni marufuku. Mafuta ya CBD, yanayotokana na mmea wa bangi, nayo hayakutetei: THC, kilevi cha bangi, ikionekana, daktari hapokei maelezo hayo. Nawaomba wenzangu wa miraa wasikie hili pia. Mirungi mibichi ina kathinoni, ambayo Marekani imo katika Jedwali la I, orodha ya dawa zinazodhibitiwa kwa ukali zaidi, pamoja na heroini, na dereva wa lori haruhusiwi kuitumia kabisa, hata kama Meru au Nairobi ni kitu cha barazani.

Ukishazuiwa, njia ya kurudi inapita kwa mtaalamu wa tathmini anayeitwa SAP. Anakutathmini, anakupangia mafunzo au matibabu, anakuona tena, ndipo unafanya kipimo cha kurudi kazini, nacho kinasimamiwa kwa macho. Hapa ndipo wengi hukwama: kipimo hicho huwezi kujiagizia. Lazima kiagizwe na mwajiri, au na mwajiri mpya aliye tayari kukupokea. Mwenye lori lake mwenyewe huagiziwa na shirika la upimaji alilojiunga nalo, na kujiunga ni lazima. Kwa hiyo anza kutafuta kampuni mapema, SAP angali anaendelea na wewe, na uwaambie ukweli, maana watauona tu kwenye Clearinghouse.

Kikitoka kizuri, zuio linaondoka na jimbo linaweza kurudisha ruhusa, lakini fuata mwenyewe ofisi ya leseni na uulize wanataka fomu gani. Baadaye kuna vipimo vya kushtukiza visivyopungua 6 katika miezi 12 ya kwanza. Rekodi hubaki miaka 5, au zaidi kama mpango wa ufuatiliaji haujaisha.